Kabla Hujaipaka Breki Yako Rangi Nyekundu

Simama Ruiru jioni, pale magari yatokapo Nairobi kuelekea Thika, utazame chini badala ya juu. Gari ni Vitz, ama Demio, ama Probox iliyochoka kubeba kreti za mayai. Ringi zimeoshwa zang'aa. Na nyuma ya ringi, pale ambapo zamani ulikuwa ukiona chuma kilicholiwa na kutu, sasa kuna rangi nyekundu kama pilipili iliyoiva. Nyingine za manjano, nyingine kijani cha ndizi mbichi, na mara moja moja hata waridi.

Ni ile kalipa imepakwa, yaani kile chuma kinachoikumbatia diski na kuzibana pedi ukikanyaga breki. Vijana hawapeleki kwa fundi. Wanunua kopo la rangi ya kupuliza, waegesha gari kwenye ploti siku ya Jumamosi, wavua magurudumu, na kufika magharibi gari limegeuka la mashindano. Angalau kwa macho.

Naandika haya kwenye ukurasa wetu wa pwani kwa sababu hao vijana wengi ni wetu. Juja, katikati ya Ruiru na Thika, ndipo kilipo chuo kikuu cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia. Kuna waliosoma pale wakabaki, kuna wanaofanya kazi kwenye viwanda vya Thika, kuna waliooa huko. Idd ikikaribia, au Desemba ikiingia, wote waingia barabarani kushuka Mombasa. Breki iliyopakwa rangi Ruiru Jumamosi, wiki moja baadaye iko Mazeras, gari limejaa mama na watoto na mizigo, nayo yateremka nyuma ya lori la kontena. Hapo ndipo rangi inapoulizwa ilipakwa vipi.

Sipingi rangi. Mtu wa pwani akipinga mapambo ya chombo atakuwa amesahau jahazi na macho yake yaliyochongwa kwenye omo. Na huko bara, barabara ya Thika ni nyumbani kwa matatu zilizochorwa mpaka madirisha. Si ajabu mwenye gari dogo naye akitaka lake lionekane. Thika yenyewe si mji wa mananasi tu. Kiwanda cha kuunganisha magari kiko pale tangu miaka ya sabini, kikiitwa Leyland Kenya, sasa Kenya Vehicle Manufacturers, na Desemba 2016 kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo, kama vile sisi tulivyo na Associated Vehicle Assemblers hapa Mombasa. Watu wa kule wamezoea kuona gari likivuliwa na kuvishwa. Hawaogopi spana.

Wekundu wenyewe umetoka Italia. Kampuni ya Brembo, iliyoanzishwa karibu na Bergamo mwaka 1961, hutengeneza breki za magari ya mbio na ya kifahari, na kalipa zake nyekundu zimekuwa alama. Lakini kalipa zile zina pistoni nne, sita, na diski pana kama sinia ya pilau. Kalipa ya Vitz ina pistoni moja. Ukiipaka nyekundu inabaki na pistoni moja. Sisemi haya kumcheka mtu. Nasema ili ijulikane kwamba rangi haiongezi nguvu ya kusimama hata chembe. Ikifanywa vizuri, faida yake ni mbili: yapendeza, na yazuia kutu. Hii ya pili si ndogo kwetu. Gari la Mombasa huliwa na chumvi ya bahari, na magari mengine tunayoyapokea bandarini kutoka Japani yameshaliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kule kuyeyusha theluji. Kwa hiyo sababu ya kupaka ipo. Ikifanywa vibaya, ndipo inapoanza kupunguza.

Tuanze na joto, kwa maana ukilielewa joto, makosa mengi utayaona mwenyewe kabla hujaambiwa. Gari dogo na watu wake lina uzito wa kilo 1,200 hivi. Likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, nguvu iliyomo ndani ya mwendo ule ni kilojuli 460 hivi. Ukikanyaga breki likasimama, nguvu ile haiendi mbinguni. Karibu yote hugeuka joto kwenye diski na dramu. Ni joto la kuchemsha lita moja na nusu ya maji kutoka baridi ya asubuhi ya Ruiru mpaka yatokote. Sufuria nzima ya chai, kwa sekunde nne au tano, na sehemu kubwa ya moto huo ikibebwa na magurudumu mawili ya mbele. Ukiwa kasi ya 50 joto si nusu ya hilo, ni robo. Ndiyo maana kijana anayezungukia mtaani Ruiru na breki yenye kasoro huenda asijue kitu miezi mitatu, kisha barabara kuu ikamwambia siku moja.

Sasa rangi ya kawaida ya hadwea, ile ya kupaka milango na grili, haikutengenezwa kwa maisha hayo. Huanza kulainika, kisha kufanya malengelenge, kisha kubanduka vipande. Rangi ya injini ni bora kidogo, nyingi huvumilia kiasi cha nyuzi 260. Rangi ya kalipa yenyewe, iliyoandikwa hivyo kwenye kopo, huandikiwa nyuzi 480 hivi. Si kwamba kalipa ya Demio itafika 480 mtaani, haifiki. Lakini diski iliyo milimita chache tu kando yake yaweza kupita 300 kwenye mteremko mrefu, na nafasi ile ya ziada ndiyo unayoilipia. Kuna jambo jingine linalosahauliwa: mafuta ya breki. Twayaita mafuta lakini si mafuta ya petroli; ni kemikali za jamii ya glaikoli, na ni adui wa rangi. Tone moja likidondokea rangi ya kawaida huivua kama asidi. Rangi ya kalipa hutengenezwa ivumilie. Ukiona bei yake imepita ile ya rangi ya mlango, sababu ni hiyo.

Lakini niseme lililo kubwa zaidi. Rangi mbaya ikibanduka, hasara ni aibu. Hatari haitokani na rangi uliyoichagua bali na mahali ilipofika. Kazi ya kupaka breki ni kazi ya kujua pasipopakwa.

Uso wa diski, pale pedi zinapobana, haupakwi. Hili wengi walijua, ila kopo la kupuliza halina macho. Upepo ukivuma kidogo, ukungu wa rangi watua kwenye diski na kwenye pedi. Ile ya diski hufutwa na pedi baada ya breki kadhaa, lakini inafutwa na kuhamia kwenye pedi, na pedi iliyolishwa rangi haishiki kama ilivyokuwa. Pedi ikiingia rangi au grisi au mafuta, usiipige msasa ukajidanganya imepona. Hiyo ni ya kutupa, nayo hununuliwa jozi ya ekseli nzima, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litavuta upande.

Kisha kuna masikio ya pedi. Pedi hukaa ndani ya vijia viwili na kuteleza humo, ikienda na kurudi safari fupi kila unapokanyaga. Vijia vile vimepimwa. Havina nafasi ya kuchezea. Tabaka moja la rangi lina unene karibu na wa unywele, na vijana hupaka matabaka matatu, manne, ili wekundu ukolee. Weka nyele nne pale ambapo hapakuwa na nafasi ya hata mbili. Pedi itakwama. Ikikwama imebana, gurudumu litachemka hata hujakanyaga, mafuta ya gari yataliwa bure, pedi itaisha upande mmoja. Ikikwama imeachia, basi gurudumu lile halisaidii kusimamisha kitu. Vivyo hivyo zile pini mbili ambazo kalipa hutelezea juu yake, na mipira yake ya kuzuia vumbi, na mpira unaoizunguka pistoni. Rangi ikikauka juu ya mpira huufanya mgumu, mpira hupasuka, maji na vumbi huingia, pistoni yashika kutu. Kwa hewa ya Mombasa kutu hiyo haitachukua muda.

Nipo ya kutolea hewa nayo ifunikwe. Fundi atakayekuja kutoa hewa mwakani akiikuta imezibwa na rangi ataivunja, kisha utanunua kalipa nzima. Na paipu ya mpira inayoleta mafuta ya breki isiguswe kabisa, kwa maana fundi huikagua kwa kuitazama nyufa. Ukishaipaka umemfumba macho.

Liko moja ambalo sijasikia kijana yeyote akilitaja, nalo laniogopesha kuliko yote. Ni pale ringi inapokutana na diski au dramu, uso kwa uso, katikati kuzunguka zile bolti. Mtu akishapaka kalipa huona katikati ya diski pana kutu, akasema tumalizie na hapa. Akapuliza mpaka kwenye bolti na nati. Sasa gurudumu halishikiliwi na nati peke yake. Linashikiliwa na ule mbano wa chuma kwa chuma. Ukiweka rangi katikati, nati zitakazwa, zitaonekana zimekaza kweli, lakini zimekaza juu ya kitu laini. Breki ikipata moto rangi yalainika na kutoka kando, ule unene uliokuwapo haupo tena, na mbano umelegea bila nati yenyewe kuzunguka. Kutoka hapo nati zaanza kujifungua taratibu. Waliowahi kuona gurudumu likimpita mwenye gari barabarani wajua ninachosema. Ile sehemu ya diski inayoonekana kati ya matundu ya ringi yaweza kupakwa, kwa rangi ya joto na kwa brashi ndogo. Ule uso wa kukutana na ringi uachwe chuma kitupu, upigwe brashi ya waya tu.

Magari mengi haya madogo yana dramu nyuma, si diski. Dramu ni rahisi: nje yake yapakwa, ndani kamwe. Na uifunike ukingo wake wa nyuma rangi isiingie.

Nirudi nyuma kidogo, kabla ya rangi, kwenye kusafisha. Nusu ya rangi zinazobanduka hazikubanduka kwa ubaya wake, zilipakwa juu ya vumbi la breki na grisi. Lazima kalipa ioshwe, ipigwe brashi ya waya mpaka kutu iliyolegea itoke, ipigwe msasa kidogo, ioshwe tena. Swali ni ioshwe na nini. Mtaani utaambiwa petroli, au dizeli, au mafuta ya taa, kwa kuwa ndivyo kila kitu kinavyooshwa pale gereji. Kwenye breki hilo ni kosa. Sili za ndani ya kalipa hutengenezwa kwa raba inayopatana na yale mafuta ya glaikoli lakini haipatani na chochote kitokanacho na petroli. Kama huamini, chukua sili kuukuu ya breki uiloweke kwenye petroli usiku mmoja. Asubuhi utaikuta imefura. Sili ikifura ndani ya kalipa, pistoni hairudi. Tumia dawa ya kusafishia breki ya kopo, inayokauka bila kuacha utando, au spiriti. Kalipa za alumini msizioshe kwa magadi ya kufungulia mifereji. Magadi yale huila alumini.

Na lile vumbi jeusi usilipulize. Kila mtu huona pampu ya upepo iko karibu, akaelekeza, likapaa. Pedi na viatu vya breki vya zamani vilitiwa asbesto, na vya bei rahisi visivyojulikana vimetoka wapi huwezi kuviapia. Marekani yenyewe ilikamilisha kanuni ya kuipiga marufuku asbesto ya aina ya krisotaili mwezi wa Machi 2024, na breki zimetajwa humo, basi ujue haikuwa hadithi ya kale. Lowesha vumbi, lifute kwa kitambaa, kitupe kitambaa. Vaa barakoa. Watoto wa ploti wanaokuja kutazama waambie waende wakacheze mbali, na hili la watoto nalirudia hapa chini.

Kuhusu kuinua gari, nitakuwa mkali. Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi kwa dakika kumi. Si ya kulalia chini ya gari mchana kutwa ukingojea rangi ikauke. Ploti nyingi za Ruiru zimetandazwa matofali ya kabro yenye mteremko wa kupitishia maji, na nyingine ni udongo mwekundu mtupu ambao mvua ikinyesha wageuka tope. Jeki yazama au yateleza. Tumia stendi za chuma, ubao mpana chini yake, na mawe au vipande vya mbao nyuma na mbele ya magurudumu yaliyobaki chini. Kumbuka handibreki ya magari haya hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, na zaidi ukiiachia ili dramu ikubali kutoka, hakuna kinachozuia gari ila yale mawe. Kama ploti ni mteremko, tafuta pengine.

Sasa je, kalipa ivuliwe au isivuliwe? Hapa wataalamu wa mtandaoni hugawanyika, na wengi watakuambia ivue, upate kupaka vizuri kila upande. Mimi nasema kwa kijana wa Jumamosi, asiivue. Aipake ikiwa mahali pake, kwa brashi si kwa kopo la kupuliza. Brashi huenda unapoipeleka. Upande wa nyuma wa kalipa hauonekani na mtu ila panya. Ukifungua paipu ya mafuta ya breki umeingiza hewa, na kutoa hewa ni kazi ya fundi anayejua utaratibu. Hewa hubanwa na mafuta hayabanwi, ndipo pedali inapoenda chini kama sponji. Ukifungua bolti za kalipa bila kufungua paipu, basi kalipa haitakiwi kuning'inia kwa paipu ile hata dakika moja. Ni nzito, na paipu hupasuka ndani pasipoonekana. Ifunge kwa waya kwenye springi.

Na wakati imetoka, mtu asikanyage breki. Hapa ndipo watoto wanarudi. Mtoto aliyepanda kiti cha dereva kuchezea usukani akikanyaga pedali, pistoni yatoka nje ya kalipa na mafuta yote yamwagika. Funga mlango wa gari, funguo tia mfukoni. Magari mapya yenye handibreki ya umeme yana shida yao: ukiwasha gari kalipa ya nyuma ikiwa imefunguliwa, mota yaweza kuisukuma pistoni nje yenyewe. Hayo mpelekee mwenye mashine ya kuyasomea.

Kama umeisukuma pistoni irudi ndani ili kupata nafasi, basi sikiliza sana. Ukisharudisha kila kitu, kabla gari halijasogea hata futi moja, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Mkanyago wa kwanza hautashika chochote, utaenda mpaka sakafuni, kwa kuwa pistoni iko mbali na pedi. Ndivyo gari huingia ukutani kwenye ploti yake, rangi mpya ikiwa bado yanuka.

Hali ya hewa, kwa kifupi. Thika iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti kule ni ubaridi na manyunyu. Rangi haishiki kwenye chuma kilicho na umande. Yaonekana imekauka juu na mbichi chini. Ngojea saa nne jua likishapasha chuma. Mombasa shida ni kinyume, joto lipo lakini unyevu umejaa na upepo wa bahari waleta chumvi, basi safisha na upake siku ile ile, usiache chuma kitupu kilale. Matabaka mawili au matatu membamba, kwa nafasi ya muda ulioandikwa kwenye kopo, si tabaka moja nene kama uji. Tabaka nene ndilo linalopasuka. Na kopo la kupuliza, kama umelishikilia shingo upande, usilitumie kibarazani karibu na jiko la mkaa au mwenye sigara. Ule upepo wake washika moto. Kuna na kamba za nguo za majirani. Ruiru nguo hukaushwa kila mahali.

Nimesema kuna wanaotafuta njia ya mkato. Badala ya rangi wanunua vile vifuniko vyekundu vyenye jina la Italia, wavibandika juu ya kalipa kwa gundi na waya. Hivi ni vibaya kuliko rangi yoyote. Rangi nyembamba haizuii joto kutoka. Kifuniko huizungushia kalipa shuka. Gundi ikilainika chateremka kikakwaruza ringi, au kikavunjika na vipande vikanaswa ndani ya gurudumu. Ukitaka kutumia pesa zile, badilisha mafuta ya breki. Yale ya glaikoli hunywa maji kutoka hewani. Ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanywa maji yake kiwango huruhusiwa kushuka hadi 140. Hewa ya Kisauni na Likoni, na unyevu wake, hatuhitaji kuambiwa yatakunywa mangapi. Mafuta yakichemka hufanya mvuke, mvuke hubanwa kama hewa, na hapo tena pedali yaenda sakafuni, safari hii ukiwa kwenye mteremko.

Neno kwa wanunuzi wa magari. Rangi mpya kwenye breki ya gari la miaka kumi na tano, likiwa yadi au kwa mtu binafsi, isikufurahishe upesi. Rangi yaficha kuvuja. Chungulia pale paipu inapoingia kwenye kalipa na pale penye nipo: ukiona rangi imefanya malengelenge au imekunjika pale tu, kwingineko imetulia, hayo ni mafuta ya breki yanayovuja chini yake. Tazama na pini kama zateleza. Muuzaji akikataa gurudumu lisivuliwe, umeshapata jibu lako.

Basi umemaliza, umetoa teipu na magazeti uliyofunikia, rangi imelala usiku kucha. Pedali ni ngumu. Rudisha magurudumu, nati zikazwe kwa mkato wa msalaba, si kwa kuzunguka, na zikazwe gari likiwa limekanyaga chini. Toyota ndogo nyingi hutaka nyutoni-mita 103. Mwenye spana ya kupimia nguvu aitumie, asiye nayo apite kwa mafundi wa tairi. Endesha kwanza ndani ya mtaa, polepole, ukisimama mara nyingi. Harufu ya rangi kwa dakika chache si ajabu, rangi hizi hukomaa kwa joto. Moshi ni ajabu. Kisha simama, shuka, upeleke kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Magurudumu mawili ya mbele yalingane moto. Moja likiwa moto sana kuliko mwenziwe, pedi imekwama, na haitajikwamua kwa dua.

Usiingie barabara ya Mombasa siku hiyo. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kilomita 20 hivi. Nenda na kurudi mara mbili, ni kama kilomita 80, kisha acha gari lipoe na ujaribu nati zote upya. Nati ikikubali kuzunguka hata robo, vua gurudumu lile utazame pale ringi inapokutana na diski. Ukikuta rangi, ikwangue yote mpaka chuma kionekane, kaza upya, na uzianze zile kilomita 80 tangu mwanzo.